Mayu Bado Anangoja Kuitikiwa

Kaka yangu Shija,

Mwangaluka. Wazima hapo Shishiyu? Baba kifua kimetulia walau kidogo? Na wifi, mgongo unaendeleaje baada ya palizi? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hauko sawa. Nimeona nikuandikie kirefu, maana tukipigiana simu nitaanza kulia, wewe utaanza kufoka, na tutaishia hapo hapo.

Kwanza habari za huku Ujerumani, kwa sababu najua Baba atakuuliza, "Wale watu wake wanaofanya kazi bure, bado wapo?" Mwambie wapo, ila wanachoka. Kuna programu moja ndogo huria ya kompyuta, ya bure kwa kila mtu, hata wanaoitumia hawaijui jina, lakini mitambo ya maduka mengi inaitegemea. Aliyekuwa anaitunza peke yake ameandika juzi kwamba basi, imetosha, anaacha. Sasa makampuni yanamlaumu, yale yale ambayo hayakuwahi kumwambia hata wabeja, asante tu! Ghalani kwetu kazini zimeingia roboti mpya za kubeba mizigo, na sisi mafundi tumepunguzwa. Mimi nimebaki, sijui mpaka lini. Jumamosi bado naenda kwenye kile chama chetu cha kuunda roboti kwa kujifurahisha. Tumeunda mkono wa kuchambua pamba, kwa heshima ya kwetu. Ukachambua vizuri tu, halafu ukaling'ang'ania sweta la mwenyekiti mpaka tukauchomoa kwenye umeme. Hicho ndicho kicheko pekee nilichopata siku hizi.

Sasa tuje kwenye ile simu. Ile sauti uliyonirekodia, inayompigia Baba kila siku ya mnada ikimhimiza anunue dawa ya pamba, nimeisikiliza kantini ya kazini. Umeniuliza kama kuna mtu anamuiga marehemu mama yetu. Hapana, Shija. Ni Mayu mwenyewe, mama yetu.

Unakumbuka nilipokuja likizo na kompyuta, kabla hajaugua, nikamkalisha jikoni asome sentensi za Kisukuma? Ulikuwa mradi huria, watu wanajitolea sauti zao ili siku moja simu na kompyuta zielewe lugha yetu. Nilimweleza kwamba sauti yake itakuwa ya bure, atakayeitaka aichukue. Akaniuliza, "Yeyote? Hata nisiyemjua?" Nikamwambia hata usiyemjua, kama maji ya kisima cha kijiji. Akacheka. "Haya, wachote."

Basi wamechota. Wauza dawa feki wameichukua sauti hiyo, wakaifundisha kompyuta kusema maneno ambayo Mayu hakuyatamka maishani mwake. Mayu wetu, aliyekuwa akifungua chupa ya dawa dukani na kuinusa mpaka mwenye duka ananuna! Eti leo ndiye mpiga debe wao. Hasira niliyonayo imenikosesha hata chakula.

Nimemjua kwa ile salamu ya mwanzo, kwa sababu hiyo hawakuitengeneza, wameitumia ilivyo. Siku ile jikoni, kwenye kompyuta paliandikwa "Mwangaluka." Akasoma, akanyamaza, akanitazama. Nikamwonyesha sentensi inayofuata. Akagoma. "Nimekusalimu," akasema. "Au nausalimia ukuta?" Ikabidi niitike ndipo aendelee. Sikiliza tena. Baada ya salamu kuna ukimya, halafu mtu anasema kitu kwa mbali sana, ndipo habari za dawa zinaanza. Yule wa mbali ni mimi, naitika.

Na wewe unaniambia Baba naye anaitika hapo hapo kwenye ukimya, "Mwangaluka, Mama Shija," kisha anasikiliza mpaka mwisho, anavaa kofia na kwenda kununua. Majani ya pamba yameungua, funza wa vitumba wananenepa, na kifua chake ndicho kinachoimaliza hiyo sumu. Ulipomwekea zile rekodi za jikoni nilizokutumia zamani akasema, "Hizo ni za kompyuta. Huyu ananipigia mwenyewe." Niliposoma hapo nilitoka nje.

Nimewaandikia wenye mradi. Amenijibu mzee mmoja anayeuendesha peke yake, ameona aibu kweli. Anasema kwake atazifuta rekodi, lakini nakala zilishasambaa na hakuna wa kuzirudisha. Kilichotolewa bure kimetolewa.

Kwa hiyo, umeniuliza tufanyeje. Ifunge hiyo namba kwenye simu yake ya kitochi. Wakija na nyingine, funga na hiyo. Najua atasema tena, "Ukimfunga huyo, mimi nitamsikia wapi?" Mwambie ni Kabula kaamua, anichukie mimi niliye mbali. Bora achukie akiwa hai.

Nisalimie wifi, na shangazi wa Malampaka, mwambie kitenge chake nimekipata. Jirani yenu mwenye trekta naye mwonye asiinunue hiyo dawa, nasikia ameanza kumsikiliza Baba.

Jambo moja tu, kaka. Usiifunge kabla ya mnada ujao. Kaa karibu na Baba simu ikiita. Mwache Mayu asalimie, mwache Baba aitikie, halafu ikate kabla dawa hazijaanza. Mayu hakupenda kusalimia ukuta.

Mdogo wako,
Kabula