Vichwa vya makombora vya Mzee Walter

Louisville, Jumamosi usiku, 2015

Bon, haya, mwenye vidole vya akili kunizidi katika jiji letu zima la Buffalo hajazaliwa. Leo hapa kwenye maonyesho ya vifaa vya vita vya zamani nilifumba macho, nikapapasa vichwa vya makombora ya Wajerumani ya Vita vya Kwanza vya Dunia, vitupu visivyo na baruti, nikamwambia bosi wangu Mzee Walter: "Hiki shaba, cha mwanzo wa vita. Hiki chuma, shaba ilishawaishia."

"Ulichungulia, wewe."

"Mzee, si wewe ulinifundisha?"

Huyu mzee anatazama mikwaruzo ya mashine tu, anakutajia kiwanda. Sijaona mtu kama yeye.

Donc, kwa hiyo nimeshindwa kumwambia. Kile kichwa alichokipata mjini Columbus, anachokipenda kwa sababu kilibaki na rangi ya kiwandani, jana nilikisugua kwa waya wa kusugulia sufuria king'ae. Rangi yote ilitoka, na yeye bado hajafungua boksi nililokirudishia.