Marehemu wa Kitabuni

Mkwe wangu,

Maharage yako jikoni, yapashe moto tu. Mlango wa nyuma usukume kwa nguvu ndipo ufunge.

Asubuhi uliponikuta nalia, "Fundi cherehani wetu katutoka," si ungeniuliza ni yupi? Wewe na simu kama chanda na pete, ukawaita kina mama wa maombi! Fundi mwenyewe ni wa kwenye riwaya tunayosoma kikundini. Sasa wao wanakuja kutoa pole, nami nimekwenda kwa wasomaji wenzangu, tukamlilie vizuri.

Wape chai. ~~Waombe radhi kwa niaba yangu.~~ Wala usiwaombe radhi. Waambie waendelee kumwombea. Nimebakiza sura ya mwisho, na kwa Mungu hakuna lisilowezekana.

Mama mkwe wako