Punda Aliyekaa Mezani kwa Mwanao

Shule ya Udereva ya Polepole,
Nyuma ya kituo cha mafuta,
Jumapili, mwezi wa tano, baada ya chai.

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, zikizidi mgawie jirani. Vipi goti? Wifi yako anasema yale mafuta aliyokutumia ni ya kukanda, siyo ya kupaka juu juu kama mtu anayepaka rangi ukuta. Na shemeji, kikohozi kimeisha, au bado anakataa kupimwa kwa sababu daktari ni mdogo kuliko yeye? Mapacha je, wameacha kupigana? Sisi huku wazima wa mwili. Mimi nimenenepa kidogo, inanipendeza, usisikilize maneno ya watu.

Najua unashangaa kupata barua na simu ipo. Lakini wewe na mimi kwenye simu tunajuana. Nakuchekesha, unacheka, salio linakata, na neno la maana linabaki kooni mwangu kama mwiba wa samaki. Nikaona niandike. Makosa ya mwandiko utayasamehe. Shule na mimi tuliachana mapema, bila ugomvi.

Kazi yangu inakwenda. Nusu ya madereva wa mji huu nimewafundisha mimi, nusu nyingine ndiyo inayogonga wenzao. Na kabla ya hapo, unajua, nimeendesha malori nchi ambazo hata mwalimu wa jiografia hazijui, nimebishana na askari wa mpakani kwa lugha nisiyoifahamu na nikashinda. Nakukumbusha haya ili ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kutishika ovyo. Maana hili ninalotaka kukueleza limenishinda.

Ni mwanao.

Alipokuja kukaa kwetu na kuanza kazi ya kuandika programu za kompyuta, alikuwa akirudi jioni anatufundisha kazi yake mezani kwa vijiko na vifuniko vya sufuria. Kijiko hiki ni mgonjwa anayeomba miadi ya zahanati kwa simu. Kifuniko hiki ni daktari. Yeye kazi yake ni kuhakikisha vijiko viwili haviangukii kifuniko kimoja. Wifi yako anangoja vijiko vyake apakue, chakula kinapoa, na mimi natikisa kichwa kama profesa bila kuelewa kitu. Nyumba ilikuwa na raha, dada.

Siku hizi akirudi anakaa kwenye kochi na begi mapajani, kama abiria aliyeambiwa gari limeharibika.

Huko kazini kwao hakuna bosi. Yupo, ila hataki kuitwa bosi. Anaitwa Kocha, na anavaa raba. Wala hawasemi wafanyakazi, wanasema familia. Kila asubuhi wanasimama duara, kila mmoja anaeleza alichofanya jana na atakachofanya leo, tena kwa uchangamfu, hata kama amefiwa. Mimi familia naijua. Familia ni watu unaoweza kuwanunia na bado wakakuwekea chakula. Pale ukinuna, unaambiwa huna moyo wa timu.

Sasa wana mdoli wa punda, wa kitambaa, sikio moja linaning'inia. Mtu ambaye kazi yake imeharibika anawekewa punda mezani, wenzake wanapiga makofi, anapigwa picha naye, na sharti acheke. Punda anakaa hapo mpaka mwingine akosee. Huo ndio utani wa familia yao.

Mwezi wa tatu mwanao alisema kwenye lile duara, mbele ya wote, kwamba sehemu moja ya programu ya zahanati haijajaribiwa vya kutosha, wangoje kidogo. Kocha akamjibu, "Usituzimie moto, Injinia. Tutarekebisha mbele ya safari." Wakaitoa hivyo hivyo. Jumatatu yake, wagonjwa wa wiki nzima wakaambiwa na simu zao waende asubuhi moja. Wazee, wajawazito, wenye vidonda, foleni mpaka barabarani. Na kwa kuwa sehemu ile aliiandika yeye, punda akaletwa kwake.

Aliporudi hakunisimulia punda kwanza. Alinisimulia bibi mmoja aliyemwona kwenye picha za foleni, amekaa ukingoni mwa mtaro, kiatu kimoja mkononi. Alimuuliza Kocha kama wangewaomba radhi wale watu. Kocha akasema leo tunasherehekea tulichojifunza.

Nikapandisha mori. Nikamwambia, "Nipeleke nikaongee naye. Nimeongea na wenye bunduki, sembuse mwenye raba."

Akasema, "Mjomba, utamwambia nini? Hajanitukana."

Ni kweli, hajamtukana.

Ikaja siku ya kualika ndugu ofisini. Nikavaa koti. Wifi yako akanionya njiani, "Usianze utani wako." Nikaanza. Ningefanyaje, watu wamesimama na bilauri za juisi, kimya kama msibani? Niliwachekesha mpaka mhasibu wao akashika ukuta. Nilipoona wamelainika, nikamshika Kocha mkono, nikamwambia kwa sauti ya utu uzima, "Bwana, huyo punda muondoeni. Anamuumiza mtoto wetu."

Wakacheka, dada. Kocha alicheka mpaka akafuta machozi, akasema, "Mzee, wewe tungekuajiri." Nikarudia. Wakacheka zaidi. Nilikuwa nimeacha utani na hakuna aliyejua kwamba nimeacha. Mwanao alikuwa anaangalia zulia.

Mchana mmoja wiki iliyopita mwanao akanitumia ujumbe kwamba punda amehama. Mimi nikafurahi, nikadhani tumepona. Nikaenda kumchukua mwanao kazini na gari la shule, nikampa usukani kama kawaida, maana namfundisha, na mkono wake ni mzuri kama wa mjomba wake. Hatujafika mbali akaegesha pembeni, akazima gari.

"Mjomba, leo punda amepewa dada mmoja mgeni kazini. Na mimi nimepiga makofi."

Nikasema, "Makofi tu? Makofi hayaui."

"Nimecheka pia. Nimecheka kuliko wote."

Kisha akaniomba nisimwite tena Injinia. Jina lenyewe nilimpa mimi kabla Kocha hajalidaka, siku ile alipofungua redio yangu na kuirudisha na skrubu mbili zimezidi.

Dada, gari langu lina breki mbili. Moja ya mwanafunzi, nyingine upande wangu. Mguu wangu huu umezuia ajali nyingi, waulize wanafunzi, waulize hata wenye mbuzi. Basi nilikaa pale, mguu juu ya breki, gari limezimwa, mtoto analia, na sina cha kukanyaga.

Nimemwambia aache kazi. Anasema wenzake wa chuo walio kwingine wana kengele ya kumgongea aliyekosea badala ya punda, kitu ni kile kile. Nimemwambia avumilie, nikajisikia nimesema uongo. Na zaidi ya yote anakuogopa wewe. Siyo ukali wako, ule tumeuzoea. Anaogopa furaha yako. Umemtangaza mpaka kwa muuza mkaa kwamba mwanao ni injinia, na kila ukipiga simu unamwambia mvumilivu hula mbivu. Methali naikubali. Lakini kuna mbivu zenye funza, na anayezila ndiye anayejua.

Sisemi umwambie aache, wala sisemi umwambie abaki. Ningejua ningesema, sijawahi kukosa la kusema tangu nizaliwe. Ninachokuomba ni hiki: ukimpigia, usimuulize kazi. Mwite lile jina ulilokuwa ukimwita kabla hajajua kusoma, lile ambalo sisi wengine hatuna ruhusa nalo. Halafu unyamaze kidogo. Najua kunyamaza kwako ni kazi, ni ugonjwa wa ukoo. Jaribu.

Msalimie shemeji, mwambie kikohozi hakiheshimu umri. Wasalimie mapacha, mama mdogo, na yule jirani yako anayejua habari zangu kabla yangu. Mungu akutunzie goti na moyo, na akuweke mpaka tuonane tucheke kicheko chetu wenyewe.

Ni mimi ndugu yako, akupendaye hata ukinuna,
Kaka yako Dereva.

Nimesahau. Nilikuwa nafunga bahasha, mwanao akapita na kikombe chake, akauliza namwandikia nani. Nikasema mama yako. Akasema, "Msalimie sana. Mwambie kazi inaendelea vizuri."

Basi, salamu zake ndizo hizo.