Madoa ya Rupia ya Babu

Ilemela, Mwanza,
9 Februari 2025.

Mpendwa Shangazi Kashindye,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje na baridi ya huko Mbeya? Sisi huku ni wazima wa mwili. Nimeandika kwa sababu simu imenishinda. Kila nikipiga, naikata kabla haijaita.

Shangazi, nina aibu. Nilikuita mwizi kwenye matanga ya baba, mbele ya watu wote. Nilifungua kile kipochi ulichotunzia rupia ya babu, ile sarafu ya fedha ya enzi za Mjerumani, nikaona ina madoa meusi, nikatangaza kwamba fedha halisi haishiki madoa, eti umeuza ya kweli ukatuwekea bati. Mjuaji mimi! Ukasema tu, "Haya, mwanangu," ukafunga mzigo wako.

Mwezi uliopita niliipeleka kwa Taher, sonara wa mjini, nikitafuta ushahidi wa kukuumbua zaidi. Akaipima pamoja na rupia yake ya Mjerumani, uzito ule ule. Akakagua kingo kwa kioo cha kukuzia, akaidondosha mezani, ikalia vizuri. Akasema ni fedha halisi, na kwamba fedha huingia weusi, hasa ikikaa na mpira. Akaniuliza, "Hii mliifunga na mpira wa baiskeli?"

Nilitoka dukani bila kuaga. Ni mimi, Shangazi. Tulipohama kutoka Magu ulinipa niifunge isipotee njiani, nikaizungushia vipande vya mpira wa baiskeli, nikakaza kweli kweli. Ikakaa hivyo miaka mpaka mpira ukaoza, wewe ukautoa. Mimi nilikwishasahau.

Nilikaa na siri hiyo wiki tatu, woga mtupu. Jumapili iliyopita ndipo nilipowaita wale wale wa matangani, mzee Machibya akiwemo, nikakiri. Wengine walinicheka. Selina mke wangu alilia.

Kinachoninyima raha ni kwamba wewe hukusahau nani aliyeifunga. Ungesema neno moja tu, ningeumbuka pale pale. Ukakubali kuondoka ukiitwa mwizi ili mtoto wa kaka yako asiaibike msibani kwa baba yake. Nisamehe, Shangazi. Ukiniruhusu, Pasaka nitakuja kukuchukua mwenyewe.

Msalimie mwanao Obedi, mkewe na watoto. Selina anakuamkia. Mungu akupe nguvu, na akulainishie moyo kwangu.

Ni mimi mwanao niliyekukosea, na ninayekupenda,
Ndalahwa