Imejaribiwa na Baba

9 Juni

Baba,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama mdogo ninayekaa kwake, na nikianza kwa kuuliza afya yako nitaishia kwenye hali ya hewa, halafu nitafunga barua. Kwa hiyo nalitanguliza: nimetumia jina lako kusema uongo.

Unaikumbuka ile printa ya lebo uliyokuja nayo likizo iliyopita, iliyotupwa na maabara yenu? Ile uliyoifungua tukakuta mende wamezaliana ndani mpaka mama mdogo akasema, "Shemeji, hiyo takataka ilale nje au nilale nje mimi." Niliisafisha kwa mswaki. Ikawaka, lakini kompyuta yangu haikuitambua, kwa sababu natumia ule mfumo huria, unaotengenezwa na watu wa kila mahali na kugawiwa bure. Waliounda printa hawakujishughulisha kuuandikia draiva, yaani programu inayoifundisha kompyuta kuongea na mashine. Nikaiandika mimi. Miezi minane, kila nikitoka shule.

Nilipoituma, mtu anayepokea kazi za namna hiyo, mimi namwita Bawabu, aliisoma mstari kwa mstari akasema ni safi. Alibakiza sharti moja: mtu mwingine mwenye printa kama hiyo aijaribu, kisha jina lake liandikwe chini ya langu, kwenye mstari wa "Imejaribiwa na". Ninyi mnazo hapo maabara. Ilikuwa nikupigie simu tu. Unanijua kwenye simu. Nilipiga, ukasema, "Enhe, mwanangu," nikakuuliza kama mvua imenyesha.

Siku hiyo hiyo nikaandika jina lako na anwani ya barua pepe ya maabara. Draiva ikapokelewa Aprili. Sasa yeyote mwenye mfumo huo anaipata. Watu wananipongeza kwa lugha ya shule, nami nawajibu kwa lugha hiyo hiyo kwa adabu zote, na kila nikiona jina lako pale nakuwa kama mtu aliyetoa unywele mdomoni na bado anauhisi mwingine.

Nakuomba kitu kimoja. Ijaribu sasa. Chapisha hata lebo kumi. Ukiijaribu, ule mstari utakuwa kweli, na hakuna atakayejua kwamba jina lilitangulia jaribio.

Kifungua mimba wako

17 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, goti tu linanisumbua nikipanda ngazi za wodini. Msalimie mama mdogo wako.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Nilipomaliza nilikwenda kunawa mikono, na sikuwa nimeshika kitu kichafu.

Kumbe ndiyo maana. Wiki tatu zilizopita karani wa mapokezi aliniletea karatasi yenye barua pepe ya mtu tusiyemjua, ananishukuru kwa kujaribu draiva. Karani akanicheka: "Fundi, una mashabiki ng'ambo halafu unatuficha." Nikamwambia wamekosea mtu. Ile karatasi nikaifutia grisi.

Sasa nikuambie nami. Ninyi mnajua nilihama hospitali ya zamani kwa kuwa huku kazi ni nzuri zaidi. Si kweli. Kule kulikuwa na mashine ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Kila mwezi inafunguliwa, inakaguliwa, fundi anatia saini kwenye kadi. Mwezi mmoja narudi kutoka likizo nakuta kadi ina saini yangu. Mkuu wa karakana ananiambia, "Ikague sasa basi, itakuwa kweli. Kuna tofauti gani?" Nikaifungua. Kwenye bomba la hewa kulikuwa na panya, amekufa siku nyingi, amelainika. Harufu yake bado iko kooni mwangu. Mkuu akasema, "Si umtoe tu, saini ipo tayari." Niliondoka wiki ile ile.

Maneno yake na yako yamefanana mno.

Draiva yako nitaijaribu, lakini si kwa ajili ya kulikosha jina. Nitaijaribu kwa sababu tangu mwezi jana kompyuta zetu mbili zimehamia kwenye mfumo huo, na draiva yako imekuja nao. Nitakuandikia nitakachokiona.

Fundi wa Maabara

25 Juni

Baba,

Shikamoo. Goti limepoa? Hapa hatujambo, ila bomba la jikoni limeanza kuvuja tena na mama mdogo anasema linakungoja wewe.

Nimeona ulivyosaini. Niligeuza karatasi nikidhani neno "Baba" liko nyuma.

Sitabishana na wewe kuhusu panya. Lakini mimi si mkuu wa karakana. Printa haimsaidii mtu kupumua, inachapa majina. Na draiva inafanya kazi, nimeijaribu mwenyewe mara nyingi mpaka lebo zimeniishia.

Kuna jingine. Bawabu amenipendekeza niwe mtunzaji wa printa zote za lebo. Maana yake, draiva yoyote ya printa hizo ipite kwangu kwanza, mimi ndiye niseme iingie au isiingie. Mimi huyu, ambaye darasani nikiulizwa jina naangalia sakafu. Kura inafungwa tarehe kumi Julai na hakuna aliyepinga. Mmoja ameandika kwamba kazi yangu iwe mfano kwa wengine, maana hata majaribio niliyafanya kwa utaratibu. Nilifunga kompyuta nikaenda chooni, nikakaa tu.

Mama mdogo ameanza kunishtukia. Jana aliniuliza, "Mbona unaitazama sahani kama imekutukana?"

"Sina njaa."

"Njaa unayo, hamu ndiyo huna. Kamwandikie baba yako, mimi hapa najulishwa bei ya sabuni tu."

Naomba unijibu kabla ya tarehe kumi. Nafasi hii naitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, na naona aibu kuitaka.

Mwanao

3 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile.

Nimeijaribu siku tatu, kwa chupa tupu. Siku ya kwanza lebo mia mbili, zote sawa. Nilifurahi, sikufichi. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikafanya linalotokea hapa kila asubuhi: nikaacha karatasi iishe katikati ya kazi. Nilipoweka nyingine, printa ikarudia jina la mwisho ndipo ikaendelea. Kwa hiyo kuanzia hapo kila chupa ikapata jina la mtu aliyetangulia. Nimerudia mara tisa. Mara tisa hivyo hivyo.

Wewe unachapa chache nyumbani, karatasi haijawahi kukuishia katikati. Usingeliona. Mimi ningeliona Aprili.

Huku chupa hizi zinatiwa choo, mkojo na makohozi ya watu. Nilikaa na mpokea sampuli tukapekua daftari la mwezi mzima. Tumeikuta asubuhi moja, chupa sita. Lebo moja ilibaki mkononi, akaitupa, akidhani ni ya ziada. Mzee mmoja amemeza dawa za minyoo asiyokuwa nayo. Mwenye nayo ni mtoto wa miaka minne, na mama yake aliambiwa mtoto ni mzima. Tuliwaita. Walikuja, tumbo la mtoto limevimba, na yule mama akawa anatuomba radhi kwa kutusumbua. Nilijifanya natafuta bisibisi chini ya meza.

Printa zetu nimezichomoa. Za wengine siwezi. Na huyo Bawabu wako simwandikii. Jina ni langu, mkono ni wako. Sitaandika barua nyingine juu ya jambo hili.

Fundi wa Maabara

10 Julai

Baba,

Shikamoo. Mtoto anaendeleaje? Hilo ndilo ninalotaka kujua kwanza, kisha goti.

Barua yako ilinifikia tarehe saba. Nitakuambia yote, hata yanayonuka. Siku hiyo nilitaka kulirekebisha kosa kimyakimya. Nilishalipata, ni mstari mmoja tu. Ningeutuma kama marekebisho ya kawaida, draiva ingepona, kura ingepita, na mimi ningeambiwa hongera kwa umakini. Nilishaandika hadi maelezo yake. Nilipoyasoma nikamsikia yule mkuu wako wa karakana akiongea kwa sauti yangu.

Nikayafuta. Jana niliandika mbele ya wote: mstari wa "Imejaribiwa na" ni uongo, baba yangu hakuijaribu, nililiweka jina lake bila yeye kujua. Printa ikiishiwa karatasi inarudia lebo. Mtoto mmoja amekosa dawa kwa sababu hiyo. Wenye maabara wazizime leo.

Bawabu alijibu mistari miwili. Draiva imeondolewa, tahadhari imetumwa kwa watumiaji wote, na kura imefutwa. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Wengine walimsaidia kunitukana. Mmoja aliandika neno moja tu la lugha ya shule, ambalo nyumbani tungesema kinyaa. Mwingine akanitetea: ni mtoto huyu, tumsamehe. Huyo ndiye aliyenichefua zaidi.

Nilidhani nikishasema nitajisikia nimeoga. Wapi. Nikishika kibodi naona vidole vinanata. Marekebisho nimeyaweka pale, yanasubiri watu wawili wenye printa wayajaribu. Siwajui, na safari hii simtafutii mtu jina.

Ulisema huandiki tena, lakini hukusema husomi, ndiyo maana naandika. Nilitaka kukuomba jina la yule mama. Sijui nitamwambia nini, ila asibaki akidhani ni yeye aliyewasumbua.

Mama mdogo anaongea uani. "Shemeji? Mbona bila taarifa?" Halafu: "Yuko chumbani, tangu jana hatoki." Kuna mzigo umewekwa chini. Hatua zinakuja ukumbini, hazina haraka.

Nimeshaufunika ukurasa huu kwa daftari la hesabu. Mkono umefanya wenyewe, upesi, hata haukuniuliza.

Nimeliondoa daftari.