Sauti Haidanganyi

Jumamosi, 25 Oktoba

Koo limekauka tena. Mtaa wa Batsinda, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Watu bado wana majembe mikononi na matope kwenye buti, nami nimepanda juu ya benchi nawaambia habari za matapeli wa simu. Nimezoea. Wiki nzima nahudumia kompyuta za ghala kule Masoro bila kusema na mtu. Jumamosi naropoka mpaka basi.

Mama Hawa ndiye aliyewakusanya, kama kawaida. Mafundi cherehani wote wa mtaa wanamsikiliza yeye. Alinishonea gauni la Idi nilipokuwa mdogo, na mpaka leo ananitambulisha kwa watu kama "mutoto yangu ya kompyuta".

Nikafunga kwa maneno yangu yale yale: maandishi yanadanganya, sauti haidanganyi. Ukiletewa ujumbe, usijibu. Subiri usikie sauti unayoijua. Wakaitikia kwa pamoja. Wanaipenda sentensi hii. Mimi pia.

Saidi ameona klipu ya leo mtandaoni, akacheka. Mume wangu ni mtu wa Tanga na kwenye Kiswahili hana huruma. Eti nasema "halaka" kama mtu mwenye pipi mdomoni. Kuandika r naweza. Kuitamka ndiyo kazi. Nitafanya mazoezi.

Jumatano, 29 Oktoba

Mama Hawa hapokei simu. Nimeondolewa kwenye kundi la mafundi wa Batsinda. Sielewi.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimeelewa. Yarabi.

Fundi mmoja kanitumia rekodi kwa siri. Juzi wanawake wa Batsinda walipokea sauti kutoka namba ngeni yenye picha yangu. Sauti yangu. Inasema nimebadili namba, nawawekea ulinzi kwenye simu, zitaingia namba sita kwa ujumbe, wanirudishie haraka. Wakarudisha. Hapo hapo akaunti zao zikachukuliwa, na wezi wakaanza kuwaandikia wateja wao wakiomba hela kwa majina yao.

Sikuituma. Sikuituma! Naandika kana kwamba kuna mtu humu anabisha.

Wameitengeneza kutoka kwenye klipu zangu. Siku hizi mashine ikionja sauti ya mtu kidogo tu, inaweza kusema lolote kwa sauti hiyo. Nililijua hilo. Nililisoma. Nikadhani ni mambo ya wakubwa, huku kwetu hayafiki. Mganga hajigangi.

Kilichonikata maini ni kwamba hawakukosea. Walisubiri sauti wanayoijua. Walifanya vile vile nilivyowafundisha.

Jumapili, 2 Novemba

Nimekwenda. Mama Hawa hakunipa kigoda. Miaka yote hii hajawahi kuniacha nimesimama.

Nikiwa pale akaja mama wa bibi harusi mmoja kuchukua vitenge vyake, havijaguswa hata kwa mkasi. "Mama Hawa" alimwandikia kwamba amelazwa, naye mama huyo akatuma hela, leo anamkuta mzima anashona. Mama Hawa akavikunja vile vitenge taratibu, akavifunga kwa kamba, akampa. Hakujitetea hata kidogo.

Nikamwapia kwamba hakuwa mimi.

"Mimi nilisikia wewe," akasema. "Hakuna mutu alinisomea. Masikio yangu ndiyo ilisikia."

Nimelia kwenye moto, juu ya ile pikipiki ya abiria, kutoka Batsinda mpaka nyumbani. Dereva akajifanya hasikii.

Alhamisi, 6 Novemba

Polisi wamechukua maelezo. Ofisa mpole, hakunidharau. Namba ilishazimwa. Tusubiri, anasema. Sina nguvu za kusubiri.

Silali vizuri. Sili. Saidi anasema maneno mazuri, namjibu ovyo, kisha namwomba radhi, kisha namjibu ovyo tena. Pale njia panda ya Sonatubes nilikuwa napatana bei na mtu wa moto, mwanamke mmoja akageuka kunitazama. Labda alitazama viatu vyangu tu. Nikafunga mdomo, nikaenda kwa miguu. Naiogopa sauti yangu mwenyewe.

Jumamosi, 15 Novemba

Asubuhi. Saidi kaniamsha, simu sikioni. Alikuwa anaisikiliza ile sauti ya wezi. "Huyu siye wewe," anasema. "Huyu anaijua r."

Kweli! "Nirudishieni haraka." Safi kama msoma taarifa ya habari redioni. Mimi maishani mwangu sijawahi kumwambia mtu haraka. Nasema halaka, na klipu zote zinashuhudia. Ushahidi huo! Natoka sasa hivi, chai baadaye.

Jioni. Mama Hawa alisikiliza sauti ya wezi, akasikiliza ya kwangu. Akarudia. Nikamwonyesha: hapa haraka, hapa halaka. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kunyimwa kigoda.

"Ariko... lakini yote ni halaka," akasema.

Hasikii. Nikawajaribu na majirani zake, hakuna anayesikia. Masikio yao ni ndugu wa ulimi wangu. Shahidi wangu pekee ni Mtanga, naye ni mume wangu, nani atamwamini?

Maji yamezidi unga. Sisemi tena mbele ya watu. Acha wengine wafundishe, mimi nimeshawaumiza wa kutosha. Na ile r sitaki kuisikia tena.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimekwenda Batsinda. Sijui hata niliamkaje. Baada ya umuganda kiongozi wa mtaa alinipa dakika chache, kwa shingo upande. Waliobaki walikuwa wachache, na walibaki kunisuta. Duka la Mama Hawa liko ng'ambo ya njia. Alikuwa amefungua, kainamia cherehani, kelele zake zinameza maneno yangu. Hakuinua kichwa.

Sikupanda benchi. Nikasema niliwafundisha uongo. Sauti hudanganya, na yangu ndiyo ya kwanza. Msiiamini. Nikiwapigia nalia, msiiamini. Mtu akikupigia akitaka kitu, awe mama yako, awe mimi, muulize jambo lililopita kati yenu wawili tu, ambalo halijawahi kuingia kwenye simu yoyote. Asipolijua, kata.

"Na wewe tukuulize nini?" mmoja akasema. "Sisi iko tunakujua?"

Wakacheka. Hakuna aliyepiga makofi, na sikustahili.

Nilipoanza kushuka ndipo nikagundua kwamba cherehani ilikuwa imenyamaza. Sijui tangu lini. Sikuthubutu kugeuka.

Jumanne, 2 Desemba

Masoro. Mvua. Wenzangu wametoka kula.

Namba ngeni ikapiga. Nikaitazama ikilia, nikapokea mwishoni kabisa. Hakuna salamu. Pumzi tu, kisha sauti ya Mama Hawa:

"Ile gauni ya Idi nilikushoneaga. Ilikuwa na makosa gani?"

Nikakaa chini. Jambo hilo sijawahi kumwambia mtu, hata Saidi. Sikujua kama naye aliliona.

Nikamwambia mkono wa kushoto ulikuwa mfupi. Nilikunja wa kulia kutwa nzima, watu wasijue.

Akaguna.

"Muongo wewe. Mikono yote ilikuwa sawa."

"Ilikuwa sawa, Mama."

Hakukata simu. Aliiweka tu mezani, nikasikia cherehani ikianza. Nikaisikiliza mpaka wenzangu waliporudi kutoka kula.