Boriti Iliyomwangukia Fundi Warsame

KAMATI YA UJENZI WA WODI YA WAZAZI, IFTIN, GARISSA
Kikao cha dharura, Jumatano 12 Februari 2025, banda la vifaa, saa nne asubuhi

Waliohudhuria: Haji Olow (Mwenyekiti), Abdisamad (Msanifu Majengo), Noordin (Mwanakandarasi), Rukiyo (Katibu).
Mwalikwa: Lul, dada ya marehemu.
Hakuwepo: Warsame, mwakilishi wa mafundi. Amefariki.

KUMB. NA. 1/2/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliongoza Fatiha, akaomba kikao kiwe kifupi.

KUMB. NA. 2/2/2025: RIPOTI YA AJALI
Mwanakandarasi alieleza kwamba tarehe 3 boriti ilianguka ikamuua Warsame, aliyekuwa ameitoboa ili kupitisha bomba la maji taka. Ripoti yake inasema fundi alitoboa bila idhini. Katibu aliuliza bomba lingepita wapi, maana ramani ya mabomba inalipitisha pale pale kwenye boriti. Aliambiwa kazi ya katibu ni kuandika.

KUMB. NA. 3/2/2025: MFUMO WA BIM
Msanifu alipendekeza mfumo wa BIM, yaani jengo zima kujengwa kwanza kwenye kompyuta, ili makosa yaonekane mapema. Alifungua kompyuta yake akaonyesha wodi hii hii. Bomba na boriti viligongana, na palikuwa pamewekwa alama nyekundu. Alama ni ya Oktoba.

Mwanakandarasi aliuliza kwa nini hakuonyeshwa. Msanifu alijibu kwamba mkataba unatambua ramani za karatasi zenye muhuri tu. Angeitoa kazi ya kompyuta, kosa lolote ndani yake lingekuwa shingoni mwake. Mwanakandarasi alisema yeye hujenga alichopewa. Walivutana dakika arobaini. Kimkataba wote wawili wana haki, jambo lililomchosha sana Katibu.

KUMB. NA. 4/2/2025: SAUTI YA MAREHEMU
Lul alieleza kwamba Fosia, mjane wa marehemu, yuko eda na hawezi kutoka, hivyo amemtuma na simu ya marehemu. Ilichezwa sauti ya Kisomali ambayo marehemu alimtumia Msanifu tarehe 22 Januari. Tafsiri ya Katibu: "Walaal, ndugu yangu, karatasi moja inasema bomba, nyingine inasema boriti. Nifuate ipi? Naogopa hapa."

Jibu la Msanifu lilikuwa: "Andika barua kupitia mwanakandarasi." Marehemu hakujua kuandika. Alimwambia Mwanakandarasi kwa mdomo mara tatu. Mwanakandarasi alikiri, ila akasema barua hakuiona, na kazi ilikuwa imechelewa, kwa hiyo alimwambia aendelee.

Lul aliomba ripoti ibadilishwe. "Watu wanaambia mama yetu mtoto yake alijiua na ujinga. Yeye aliuliza." Mwenyekiti alisema maji yakimwagika hayazoleki. Lul alijibu, "Ndugu yangu si maji, Haji."

KUMB. NA. 5/2/2025: MAAZIMIO
(a) BIM itumike kuanzia jengo lijalo. Ilipita bila kupingwa.
(b) Ripoti ya ajali ipite ilivyo, kwa kuwa sauti ya simu si barua. Katibu hana kura.
(c) Katibu afute KUMB. NA. 4.

KUFUNGA
Lul aliuliza arudi kwa Fosia na jibu gani. Mwenyekiti alifunga kikao. Watu walitoka saa sita kasoro robo.

Mwenyekiti: Amekataa kutia sahihi mpaka KUMB. NA. 4 ifutwe.
Katibu: Rukiyo. Haifutwi.